Kwa Ernesta

Generoza alimwona Luhende akishuka kwenye lori, akaacha mwiko ndani ya sufuria ya maharage na kumfuata hadi nyuma ya kibanda chake, mahali anapoanikia vyombo.

"Kuna mwanajeshi ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Amekuja na gari la Bukoba asubuhi. Anasema Ernesta ni mama yake."

Luhende alikuwa amekuja Nyakanazi kununua kamba. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kulika pale inapopita kwenye gogo, na hakuna mtu anayekubali kushuka kwenye duara, hayo mashimo yao ya dhahabu, kwa kamba inayotoa nyuzi. Alijikuta ameshika ubanzi wa ukuta.

"Mmemwambia nini?"

"Tumwambie nini sisi? Ameuliza njia, tumemwonyesha njia. Ameuliza kama mama hajambo, nikamwongezea maharage." Generoza alijifuta mikono kwa upindo wa kanga. "Habari ya msiba haitolewi barabarani, unajua. Mtu afike kwanza, akae, anywe maji. Na wa kusema ni yule aliyeachiwa mji. Si ni wewe?"

Kutoka ndani ya kibanda ilisikika sauti ya mwanamume anayeimba huku anatafuna, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kufika kwao.

Kwa Ernesta twendeni, mama hanyimi mgeni,
weka jembe mchangani, utoke na cha thamani.

Wimbo huo Luhende aliutunga mwenyewe. Alikuwa manju wa kikundi cha kulima tangu walipokuwa vijana, yeye mbele anaimba, majembe thelathini nyuma yake yanaitikia. Hakuna aliyemfundisha. Aliokota maneno mashambani kama wengine wanavyookota kuni, akayapanga mpaka yakakaa. Wimbo wa Ernesta ndio uliokwenda mbali kuliko nyimbo zake zote. Wapakiaji wa malori waliuimba Nyakanazi, waliuimba Biharamulo mjini, na watu wa Kahama waliujua kabla hawajajua njia ya kufika. Kwa wimbo huo, mahame yaliyokuwa makazi ya ngedere na nyoka yalipata jina na watu. Luhende aliwahi kuusikia ukiimbwa na mtu asiyemjua, akatembea siku nzima kifua mbele.

Sasa alitamani mtu amzibe mdomo Kazimili, mwana huyo wa Ernesta.

Aliinama akaingia. Kazimili alikuwa amekonda, gwanda lake limepauka mabegani, na kando ya mguu wake kulikuwa na begi la turubai lililofungiwa birika jipya kwa juu. Alipomwona Luhende aliinuka, benchi likaanguka.

"Nkoi," alisema. Ndivyo walivyoitana tangu utoto. Rafiki, kwa Kisukuma cha nyumbani kwao. Alimkumbatia hadi Luhende akasikia vifungo vya gwanda vikimchoma kifuani. "Nilijua nitakukuta njiani. Nilimwambia mwenzangu pale Bukoba, huu wimbo ni wa Luhende. Hakuna mwingine anayeanza wimbo kwa kumwita mtu jina lake. Halafu nikasikia ni jina gani. Nikakaa chini nikacheka."

"Pole na safari," alisema Luhende. "Poleni na vita."

"Vita imekwisha. Nduli amekimbia, na sisi tumerudi na miguu miwili miwili, tunataka nini tena? Niambie ya nyumbani. Amefungua kilabu kwa hao wachimba dhahabu? Nimewaza ni kilabu. Watu hawawezi kutoka Kahama kuja kumtazama mama yangu uso."

Wateja wengine waliinamisha vichwa kwenye sahani zao. Generoza alimimina chai isiyo na sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa haipatikani dukani mwaka ule, na hakumtazama yeyote.

"Utaona ukifika," alisema Luhende.

Walipanda lori pamoja. Utingo alisimama kwenye ngazi ya nyuma anapiga bodi kwa kiganja, "Ernesta, Ernesta, bado mmoja, Ernesta," na kila alipoita, Kazimili alimsukuma Luhende kwa kiwiko na kutabasamu. Lori lilipoondoka alifungua kamba ya begi akamwonyesha birika. Lilikuwa la bati zito, lina mfuniko wenye kishikio cheusi. Alilinunua Masaka. Mama yake alikuwa anaazima birika kwa jirani kila apatapo mgeni, na kila mara lilirudi kwa mwenyewe na maneno.

"Sasa waje kuazima kwake," alisema Kazimili. "Umetunga kweli, nkoi. Hanyimi mgeni. Ile njaa ya mwaka wa kuhamia vijijini, unakumbuka? Uji wa mwisho alimpa yule mama wa Kihangaza aliyepita na mtoto mgongoni. Sisi tukalala na maji."

"Nakumbuka."

"Mbona huongei? Dhahabu imekula ulimi?"

"Vumbi," alisema Luhende.

Barabara iliingia msituni na vumbi lilikuwa jingi kweli, lakini silo lililomnyamazisha. Mwisho wa mwaka sabini na nane, mgambo walipokusanywa kijijini Nemba wapande magari ya kwenda vitani, Kazimili alichukua mkono wa mama yake akauweka ndani ya mkono wa Luhende, mbele ya watu. Hakusema mengi. Kuni na maji, alisema, na akiugua usimwache peke yake. Luhende alibakizwa kwa sababu ya jicho lake la kushoto lisiloona vizuri. Alileta kuni. Alileta maji. Ernesta aliposhikwa na homa katikati ya masika, alikaa naye hadi mwisho. Katika hilo hakuwa na deni.

Bibi yule aliacha neno moja: asizikwe kijijini. Alihamishiwa huko kwa lori la operesheni ya vijiji na vyungu vyake vikavunjikia njiani, hakuhamia kwa kupenda. Alitaka kulala kwenye mahame yake ng'ambo ya mto, kando ya mafiga yake matatu, pale alipopikia tangu alipotoka Shinyanga akiwa bi harusi. Mto ulikuwa umejaa. Vijana walikuwa vitani. Waliovuka na maiti walikuwa wachache, akina mama wanne na mzee Faustini katekista, na mchimba kaburi alikuwa Luhende.

Kwao, udongo wa kaburi haugawanywi. Ukitoka wote, hurudi wote. Mchimbaji akimaliza hukwangua jembe lake pale pale ukingoni, hukung'uta nguo, huosha miguu pale pale, hata tope la kucha haondoki nalo. Na jembe la marehemu huchomekwa kichwani mwa kaburi, lisiguswe, mpaka mwanawe mkubwa aje alichomoe na kulimia tuta la kwanza. Hapo ndipo mama anakuwa amepumzika kazi. Kabla ya hapo bado anangoja.

Luhende alikuwa amefika kiunoni alipogonga jiwe jeupe. Lilipasuka vipande viwili, na ndani yake kulikuwa na nyuzi za manjano, nyembamba kama za kushonea. Baba yake mdogo aliwahi kufanya kazi mgodini Geita enzi za mkoloni, alimwonyesha mara moja jiwe la namna ile. Akina mama walikuwa wanalia chini ya turubai. Mzee Faustini alikuwa anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake cha sala. Luhende alitia kipande kimoja ndani ya shati, akaanza kuimba wimbo wa kufukia, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Watu wanasema dhahabu ina pepo, humwingia mtu akaacha kuwa yeye. Huo ni uongo wa watu wasiotaka kujitazama. Jiwe halikumwita Luhende. Luhende ndiye aliyeinama.

"Kazimili asipelekewe habari," mzee Faustini alisema baada ya kufukia. "Mtu mwenye bunduki mkononi haambiwi mama yake amekufa. Atakuja, atakaa, tutamwambia." Kisha miguu ikamsumbua mzee, akarudi kwao Nyamiaga, na neno likabaki kwa Luhende peke yake.

Jiwe alimuuzia mtu aliyekuwa anapita Nyakanazi. Kiangazi kilipoanza alirudi mahameni, akachimba mbali kidogo na kaburi. Mtu mmoja alimwona, akaja na wenzake, na wenzake wakaja na wenzao. Katika hao alikuwamo Mihayo, mwenyeji wa Mwanza, mtu wa maneno mafupi na mikono mirefu, wakawa washirika. Jioni moja, watu walipokuwa wengi kiasi cha kuhitaji kuambiana wanaishi wapi, waliulizana hapa paitwe jina gani. Mihayo alisema paitwe Kwa Luhende, kwani ndiye aliyefungua. Wote wakakubali.

"Hapana," Luhende alisema. "Paitwe Kwa Ernesta."

Walimsifu kwa kutojikweza. Aliimba wimbo jioni ile ile, ukashikwa papo hapo, na alipokuwa anaimba alihisi kitu kimelegea ndani yake. Alijiambia amemlipa yule bibi. Jiwe moja, kwa jina la mji mzima.

Lakini mwamba ule wa dhahabu haukuwa na adabu. Ulielekea kaburini moja kwa moja kama ng'ombe anayerudi zizini. "Tutapita chini yake," Mihayo alisema, "hatutamgusa." Wakapita chini yake. Mvua za vuli ziliponyesha, alfajiri moja ardhi ikakaa, na kaburi zima likashuka ndani ya duara, pamoja na maji na matope, mahali ambapo hakuna kamba iliyofika. Hapakuwa na mtu chini. Kabla kambi haijaamka Luhende na Mihayo walijaza shimo kwa kifusi, wakalisawazisha. Luhende alichukua lile jembe, lililobaki ukingoni, akajenga tuta jipya karibu na kichuguu, akalizungushia mawe, akalichomeka kichwani. Watu walioamka, ambao hawakujua kaburi lilikaa wapi hasa kwenye nyasi, waliona kaburi lenye mawe wakadhani mwenye mji amepamba.

"Tumefika," Kazimili alisema, akamgusa bega. "Unasinzia na macho wazi, nkoi."

Kambi ilikuwa imetanda hadi mtoni, vibanda vya nyasi na vya madebe yaliyonyooshwa, moshi, mbuzi, na ule mlio usiokoma wa watu wanaotwanga mawe kwenye vinu vya chuma. Kazimili alishuka na birika mkononi. Aliangalia huku na huku, akatafuta paa kubwa kuliko mengine, ambalo lingeweza kuwa kilabu.

"Twende kwangu kwanza," alisema Luhende. "Ukae."

Kazimili alikaa. Luhende alimpa maji kwenye kata. Kazimili alipokea, akanywa, na kata ilipokuwa bado mdomoni mwake macho yake yalibadilika, kwa sababu hata yeye alijua utaratibu. Nani anayemkalisha mtu kwa rafiki kabla hajamwona mama yake?

"Sema," alisema.

"Mama yako, mayu wetu, alitutoka. Masika ya mwaka jana. Homa. Nilikuwa naye."

Kazimili aliweka kata chini polepole. Hakulia mara moja. Alishika birika akalipakata, akafungua mfuniko, akaufunga.

"Nimeimba njia nzima," alisema. "Mbele za watu. Na wewe unanisikiliza."

"Habari haitolewi njiani."

"Najua haitolewi njiani. Lakini uliniacha niimbe."

Ndipo alipolia. Wachimbaji waliokuwa wanapita waliposikia sauti ile walivua kofia, mmoja mmoja, wakaja kukaa nje ya kibanda bila kuitwa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mihayo naye alikuja. Alimgusa Luhende mkono wakaenda kusimama nyuma.

"Kesho atataka kuchomoa jembe," Mihayo alisema.

"Najua."

"Basi mwache achomoe. Alie pale, alimie tuta lake, arudi kijijini akaoe. Kilio ni kilio, bwana. Chozi halijui limeanguka juu ya nani."

"Lakini mama hatapumzika."

"Nani kakwambia? Umekwenda kumuuliza?" Mihayo alimtazama kwa upande. "Ukisema, watu wote hapa watajua tulipita chini ya kaburi. Unawajua wanavyoogopa hayo mambo. Kesho kutwa hapa patakuwa mahame tena. Na wewe utaimba kwa ngedere."

Kilichomtisha Luhende ni kwamba maneno ya Mihayo yalikuwa yamepangika vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasema moyoni, karibu neno kwa neno.

Asubuhi Kazimili alinyoa kichwa, akavaa shati la kiraia la kuazima, akachukua birika. Luhende alitangulia hadi kwenye kichuguu. Watu walifuata kwa nyuma, kimya, wakasimama mbali kidogo. Mihayo alisimama nao, amekunja mikono.

Kazimili alichuchumaa mbele ya tuta lenye mawe. "Shikamoo, mayu," alisema. "Nimerudi. Nimekuletea birika, usiazime tena." Aliliweka. Kisha akainua kichwa akatazama mahali alipokuwa, akatazama na kule kwenye mlio wa vinu, akipima kwa macho.

"Mafiga yalikuwa kule," alisema.

"Ndiyo."

"Alisema tangu zamani. Kando ya mafiga yake. Mbona mmemweka huku?"

Jibu lilikuwa tayari. Luhende alilitunga tangu siku ya kichuguu: mvua, maji yalijaa kule, tukaona tumpandishe mahali pakavu. Jibu zuri, fupi, lisiloulizika. Lilikuwa limemkaa mdomoni muda mrefu kama mstari wa wimbo.

"Maji yalikuwa mengi," alisema.

Kazimili alitikisa kichwa akakubali. Alimwamini. Aliinuka, akatema mate viganjani kama mtu anayeanza kulima, akashika mpini kwa mikono miwili. Mpini ule ulikuwa umechakaa katikati, pale mikono ya mama yake ilipokaa miaka yote, na vidole vya Kazimili viliingia kwenye bonde hilo vyenyewe.

"Mayu, pumzika kazi," alianza.

"Usilichomoe," alisema Luhende.

Kazimili aligeuka, mikono bado iko kwenye mpini.

"Hayupo hapo."

Mihayo alifungua mikono aliyokunja. Luhende alisema yote hapo hapo, akiwa amesimama, bila kupamba: jiwe alilolitia ndani ya shati, mwamba uliokuja kaburini, kupita chini, mvua, kifusi, tuta la uongo. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiwa kavu, haina mdundo wowote, kama ya mtu asiyejua kuimba. Alipomaliza, hata waliosimama mbali walikuwa wamesikia.

Kazimili aliachia mpini. Luhende alingoja ngumi. Aliitaka, na ilipochelewa aliona kwamba hata kuitaka kwake kulikuwa kutafuta nafuu.

"Yuko wapi?"

Luhende alinyoosha kidole kwenye mlio wa vinu.

Kazimili aliokota birika akaenda. Pale kwenye uwanja uliosawazishwa, wanaume kwa wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa wanatwanga, kila mmoja na kinu chake katikati ya miguu, unga wa mawe ukiwafanya weupe hadi nyusi. Mama mmoja aliyekuwa karibu alisimamisha mchi.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nani?"

"Shikamoo, mama. Naomba msogee pembeni," alisema Kazimili. "Mmekaa juu ya mama yangu. Hamkujua."

Mlio ulikatika kinu baada ya kinu, hadi ukimya ukafika ukingoni mwa uwanja. Waliinuka. Yule mama alitazama kinu chake, kilichokuwa kimejaa unga wa kazi ya tangu jana, akatazama ardhi. Akakiinamisha, akamwaga unga wote chini, akakipiga kitako hadi punje ya mwisho ikatoka. Kisha akavua kanga ya juu, akaikung'uta pale pale. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewaambia. Walitoka Ngara, Geita, Shinyanga, wengine hawakuelewana hata kwa lugha za nyumbani, lakini hili walilijua wote. Mmoja alirudi kibandani mwake akaleta kifuko alichokificha tangu juzi, akakipindua. Mihayo alikuwa wa mwisho. Alisita, akatazama nyuso zilizomzunguka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakikung'uta juu ya rundo bila kumtazama mtu.

Ndipo watu wote wakamgeukia Luhende.

"Na la kwako?" Kazimili aliuliza.

"Niliuza."

"Kwa nani?"

"Mtu aliyekuwa anapita. Hata jina lake silijui."

Kazimili alikaa chini juu ya ule unga mweupe, akaweka birika katikati ya miguu, mahali vinu vilipokuwa.

"Basi bado hajafunikwa," alisema. Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Hata tukimpata, hata tukimzika upya, kuna kilichopungua. Jembe siwezi kuchomoa." Akaweka kiganja juu ya unga. "Jiwe hujui liko wapi. Sawa. Lakini na jina ulilichukua. Hilo unajua lilipo. Liko midomoni mwa watu wa malori. Nenda kalirudishe. Sitaki mtu aende kwa mama yangu kuchimba."

"Watapaita nini?"

"Wewe si mtunzi?"

Luhende alikwenda Nyakanazi na lori la mchana. Utingo alikuwa yule yule, yuko kwenye ngazi yake, anaita. Luhende alimshika mguu.

"Msipaite hivyo tena."

"Tupaiteje?"

"Kwa Luhende."

"Luhende ndiye nani?"

"Mimi."

Utingo alicheka, na wapakiaji wakacheka pamoja naye. "Kaka, kila mtu akitaka paitwe jina lake, abiria nitawapakia kwenda wapi? Kuna mwingine hapa anataka Kahama iitwe Kwa Shibuda."

"Shibuda ni mimi," mpakiaji mmoja alisema. "Nasubiri kibali."

Luhende aliwaeleza. Alisema ni kaburi, alisema la nani, na nani aliyelichimbua. Kicheko kilikufa. Utingo alishuka kwenye ngazi, akamwonea huruma kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Pole, bwana. Lakini nisikilize. Watu wa Kahama, watu wa Runzewe, wanajua Ernesta. Nikiita jina jingine gari litaondoka tupu, na tajiri ataniuliza."

Basi akaimba. Alisimama mbele ya kibanda cha Generoza akaimba wimbo aliotunga njiani, wenye jina lake na aibu yake, na aliupanga kwa ustadi wote aliokuwa nao.

Kwa Luhende msifike, pana mwizi wa kaburi,
jina lake mlishike, la Ernesta ni la siri.

Waliokuwa wanakula walisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeitikia. Alirudia, na safari hii vijana wawili waliokuwa juu ya magunia walishika mdundo kwa viganja, wakachangamka, naye kwa muda mfupi akapata tumaini. Kisha wakafungua midomo. Wimbo waliouimba kwa mdundo huo ulikuwa ule wa zamani. Mama hanyimi mgeni. Uliwatoka wenyewe, walikuwa hawajaamua. Wapakiaji wakaudaka, na hata dereva aliuimba huku anaangalia magurudumu.

Generoza alimletea chai. "Kunywa," alisema.

Alikaa pale hadi lori la mwisho. Barabara zilikuwa nyingi Nyakanazi. Moja ya Kahama, moja ya Kibondo, moja ya kwenda hadi mpakani Rusumo, na hakuna aliyemfunga kamba. Kule mahameni Kazimili alikuwa amekaa juu ya uwanja mweupe, birika katikati ya miguu, anangoja kuambiwa jina limerudi. Luhende alipanda. Lori lilikuwa limejaa watu wapya, wana majembe mapya yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na wana furaha.

Utingo alipita juu ya magunia akiuliza kila mtu anaposhukia. Alipofika kwa Luhende alisita, akatazama pembeni, akauliza kwa upole kuliko alivyowauliza wengine.

"Na wewe, kaka, unashuka wapi?"

Luhende alifungua mdomo, akatafuta jina jingine. Watu wapya walimtazama, wakingoja mwenyeji aseme.

"Kwa Ernesta," alisema.